Mita Moja, Vyumba Sita

Vyumba sita vya uani kwetu Tabata vilijengwa kwa kiinua mgongo cha mume wangu, na hesabu yake yote ilifanyika juu ya bahasha ya kadi ya mchango wa harusi: sita mara elfu sitini, laki tatu na sitini kila mwezi, mpaka Mungu atakapomwita. Shimo la choo kujaa halikuandikwa. Koki zinazovuja hazikuandikwa. LUKU nayo haikuandikwa, maana mita ilikuwa moja, na Mzee aliona kuomba ya pili ni kutupa hela. Wapangaji wangenunua umeme kwa zamu, wiki kwa wiki, kama ndugu. Mtu mwenye ndugu saba, ambao hawajawahi kugawana hata shamba la babu yao bila kufika barazani, ndiye aliyesema hivyo.

Dalali alitujazia vyumba upesi (kwa bahati yeye hulipwa na mpangaji, kodi ya mwezi mmoja, na habanduki mlangoni mpaka aishike mkononi). Akaingia fundi cherehani na mashine yake ya mota na pasi. Akaja mlinzi wa usiku, ambaye umeme wake ni taa moja, maana hata simu huichaji lindoni. Mama lishe. Kijana wa bodaboda mwenye spika ndefu kuliko kitanda. Dada wa barafu za ubuyu, friji lake halizimwi. Mwisho, mwanafunzi wa uhasibu, mpole, shikamoo nyingi.

Ugomvi ulianzia tarehe mosi. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU; nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda kuwa 1,500. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini mita haimjui mwenye nyumba. Anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Basi kila mwezi ukiisha, uani kunakuwa na utulivu wa ajabu. Mita inalia, uniti zimebaki mbili, na kila mtu yuko chumbani kwake anajifanya amelala. Mara moja giza lilituangukia Simba na Yanga wakiwa kipindi cha pili. Kijana wa bodaboda alinunua, huku akitaja mambo ya ukoo wetu ambayo sikujua kama anayajua.

“Elfu moja na mia tano tu!” Mzee alilalamika usiku ule.

“Kama ni tu, mrudishie.”

Akakumbuka kwamba hajaswali.

Mlinzi ndiye aliyekuwa na hoja nzito. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti moja shilingi 100, kabla ya kodi na tozo. Akizidi mfululizo huhamishiwa daraja la juu, shilingi 292. Angekuwa na mita yake, mlinzi angekaa kwenye mia moja maisha yake yote. Kwa kuwa amefungwa na friji la jirani, taa yake moja inawaka kwa bei ya friji. Hapo sijaona jibu, na Mzee hakuliona, kwa hiyo alichagua kukasirika. Atawatoa wote! Atawatoaje? Alikuwa amechukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na yote imekwisha kuwa mabati na karo la choo. Akaenda kwa mjumbe kushtaki. Mjumbe, naye ana wapangaji wake, alimsikiliza kwa heshima, akamwambia anunue mita ndogo za kila chumba, Kariakoo zimejaa.

Zikafungwa. Mwisho wa mwezi tukakutana uani, Mzee na tochi, mwanafunzi wa uhasibu na daftari. Vyumba vyote sita, pamoja na friji la barafu na pasi ya fundi, uniti 140. Mita kubwa: 310.

Mwanafunzi akapiga mstari kwa rula.

“Shikamoo Mzee,” alisema mlinzi, ingawa walishasalimiana. “Zile 170 ni za nani?”

Nyumba kubwa ina friji mbili, pampu ya kisima, na hita ya kuogea ambayo Mzee huiwasha magharibi na kuikumbuka alfajiri. Nilikwisha kuisema hiyo hita mpaka nikachoka. Sasa nilikuwa nachambua mchicha, na niliuchambua kwa makini sana.

“Zitakuwa zimevuja,” alisema Mzee.

“Basi tumwite fundi bomba,” alijibu kijana wa bodaboda, na mama lishe akalazimika kuingia ndani akacheke.

Jumatatu Mzee alikwenda mwenyewe kuomba mita ya nyumba kubwa. Ya nyuma yaliandikwa mbele ya mjumbe: kiasi fulani kipunguzwe kwenye kodi ya miezi sita ijayo, na ile 1,500 irudi kwa kila aliyekatwa. Mlinzi hakutia sahihi mpaka hita itajwe kwa jina, na mjumbe akaitaja, mstari wa nne, ikifuatiwa na saa za kuizima.