Mhadhara wa Hadhara: Ampea Si Wati, na Wati Si Deni

Ciao, kwa jirani zetu Wataliano mliosimama mkidhani hapa kuna mnada. Wazee wa baraza, kina mama, vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu, nawe ambaye hujaizima: mbele yenu ni Mhandisi Mkuu wa Mikondo Geu, Mshauri wa Stima kwa Pwani nzima kuanzia Mtwapa hadi Marereni. Cheo hicho nimejipa mwenyewe, baada ya kutafuta kwa muda mrefu mtu mwingine anayekistahili na kumkosa.

Nimeitisha mkutano huu hapa Shela, Malindi, kwa sababu za kitaaluma tu. Yale maneno ya mtaani kwamba nagombana na mwenye nyumba wangu juu ya tokeni za stima tunazochangia hayahusiani na sayansi. Mwenyewe yuko pale na kalamu yake. Karibu, Bi Mkubwa, sogea kivulini.

Mnaambiwa stima ya Kenya ni volti 240. Nani kaziona? Stima iliyo kwenye soketi yako haitulii. Inapanda hadi karibu volti 339, inashuka hadi sufuri, inageuka na kufika 339 upande wa pili, na safari hiyo nzima inaikamilisha mara 50 kila sekunde. Hiyo 240 ni hesabu ya wakubwa: volti za kila nukta huzidishwa kwa zenyewe, wastani ukatafutwa, kisha kikachukuliwa kipeuo cha pili. Maana yake ni kwamba vurugu zote hizo, zikipita kwenye birika, hutoa joto lile lile ambalo zingetoa volti 240 zilizotulia za betri. Aliyeelewa anyooshe mkono. Hakuna? Vizuri, tunakwenda sawa.

Sasa, nyumbani kwangu aliletwa fundi mwenye klampu, ile mita ya taya. Akautenga waya mmoja wa freza yangu, akaubana, akasoma ampea 1.2. Akatoa simu, akazidisha kwa 240, akapata 288, akaandika ukutani kwa wino mwekundu: WATI 288. Ukutani, jamani!

Lau angekuwa anapima birika au pasi, ningemstahi. Huko volti na ampea hupanda pamoja na kushuka pamoja. Lakini freza ina kompresa, kompresa ina mota, mota ina koili, na koili ina tabia ya kuchelewa: volti zimeshafika kileleni, ampea ziko njiani. Kwa hiyo kuna vipindi katika kila mzunguko ambapo nishati iliyohifadhiwa kwenye usumaku wa mota hurudishwa kwenye laini. Tazameni hori la Kilifi. Maji kujaa, bahari yote inapita chini ya daraja kuingia. Maji kupwa, inapita pale pale kutoka. Ukisimama darajani ukahesabu maji yanayopita, kwenda na kurudi, utapata maji mengi ajabu, na jioni hori halijaongezeka hata ndoo.

Hizo 288 basi ni volti-ampea, hesabu ya mapito. Wati ni kile kilichobaki kikafanya kazi. Uwiano wa viwili hivyo mafundi wenyewe huuita pawa fakta. Kwa freza yangu ni 0.6, na 288 mara 0.6 ni wati 173 kasorobo. Kuzipata wati hizo unahitaji mita inayosoma volti na ampea kwa wakati mmoja, ikazizidisha nukta kwa nukta, ndipo itafute wastani. Klampu peke yake haioni volti, itajuaje nani kachelewa? Na ile ya bei poa, ukiipeleka kwenye chaja za simu na taa za LED, ambazo hudonoa stima vipande vipande, hata ampea zenyewe huzikosea.

Wataliano wametuletea Malindi piza na majumba ya makuti yenye bwawa, na pale Ngomeni wakarusha setilaiti ya Wamarekani, Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Lakini Mtaliano ninayemvulia kofia ni Galileo Ferraris wa Torino, aliyeonyesha mwaka 1885 kwamba mikondo miwili geu isiyokwenda sambamba inaweza kuzungusha metali bila kuigusa. Ndiyo siri ya zile mita nyeusi za zamani zenye kisahani: koili moja ya volti, nyingine ya ampea, kisahani katikati kikizunguka kwa wati halisi tu. Hakikuhitaji kalkuleta ya simu.

Mita za tokeni nazo ni waungwana. Tazama kile kitaa chekundu. Kama mita imeandikwa 1000 kwa kilowati-saa, kila kikikonyeza umekula wati-saa moja. Kikikonyeza kila sekunde 2, nyumba inavuta wati 1,800. Hoteli na viwanda hutozwa pia kwa volti-ampea, kwa kuwa nyaya na transfoma hupata moto kwa ampea zote, za kazi na za matembezi, ndiyo maana wakubwa hao hufunga kapasita. Mimi si hoteli. Nadaiwa wati 173, basi.

Maswali? Naam, Bi Mkubwa. Amekubali 173, mmesikia! Andikeni tarehe. Unauliza inawaka saa ngapi kwa siku? Kompresa hupumzika, Bi, ikishapoa... Haipumziki? Watoto wa mtaa mzima wanakuja kwangu kununua barafu, mlango haufungwi... 173 mara 24... uniti nne na ushee kwa siku. Na mimi nachangia moja.

Bi Mkubwa, umegusa somo pana. Nguvu ni kitu kimoja. Nishati ni nguvu mara muda, na muda nimeupangia mhadhara wa pili, wenye kiingilio. Fundi, hebu weka hiyo simu mfukoni. Nani mwingine ana swali, ikiwezekana la volti?