Bisha, Mwanangu, Bisha

Nimezaliwa Tanga, katika nyumba ambayo maji yakijaa unayasikia ukiwa kitandani, na sijui kuogelea. Nalitanguliza hili kwa sababu yote yaliyotupata Jumamosi ile bandarini Durban yalitokana na mimi kulificha kwa miaka mingi.

Mtu akiwa ugenini hujitafutia cha kujivunia. Jirani yangu wa Moshi anajivunia mlima, ingawa najua hajaupanda. Mimi nilichukua bahari. Kila nikipita na mabinti zangu wawili kwenye barabara ya Margaret Mncadi, ile inayoambaa na bandari, nageuka nahodha. Tukifika kwenye saa ya ukumbusho wa Vasco da Gama napunguza mwendo. “Huyu Mreno alipita pwani hii Krismasi ya mwaka 1497, ndiyo maana pakaitwa Natal. Lakini njia ya Uhindi aliijua? Hakuijua! Mpaka alipofika Malindi mwaka uliofuata, akapewa rubani. Kwetu huko!”

Malindi si Tanga, lakini gari likiwa kwenye mwendo nani atatoa ramani.

Hilo neno rubani nalo lilinipa sifa nisizostahili. Siku hizi ukisema rubani kila mtu anatazama juu, lakini asili yake ni yule anayeijua mikondo na miamba, anayeiingiza meli bandarini. Durban wamemaliza ubishi kwa namna yao: rubani wa meli anapelekwa kwenye meli kwa helikopta. Binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi, aliposikia hivyo alinyamaza kidogo kisha akasema, “Kwa hiyo rubani anaendeshwa na rubani.” Nikamwambia ndivyo wazee wetu walivyotabiri. Hakuna mzee aliyetabiri chochote.

Basi shule ikaleta karatasi ya shughuli za Jumamosi. Kulikuwa na netiboli, sataranji, dansi, na kuendesha mashua za tanga. Nilimwombea sataranji, maana bodi lake halizami. Akaweka alama kwenye mashua bila kuinua kichwa. “Si tumetoka kwenye ukoo wa mabaharia, baba?” Chini ya karatasi kulikuwa na swali: je, mzazi ana uzoefu wowote wa bahari? Niliandika: Ndiyo, wa kurithi.

Mashua zenyewe wanaziita Optimist. Zilibuniwa na Mmarekani mmoja, Clark Mills, huko Florida mwaka 1947, ili watoto wajifunzie. Zina mita mbili na ushei, omo imekatwa butu. Babu yangu angeiona angeuliza mbuzi wanakunywa saa ngapi, kwa maana ni hori kabisa, hori lenye mlingoti. Humo anaingia mtoto mmoja na tanga moja, anashika usukani mkono mmoja na kamba ya tanga, yaani demani, mkono wa pili. Kisha anasukumwa kwenye maji yale yale ambayo, mbele kidogo, zinapita meli za makontena ambazo ukisimama chini yake unadhani mtaa umeng'olewa na kuelea. Wao hawaruhusiwi kusogelea njia ya meli. Najua. Niliuliza mara nne.

Jumamosi ya tatu mama yao alikuwa zamu ya usiku hospitalini, hajarudi. Alituachia kikaratasi kwenye friji: *Kofia. Maji ya kunywa. Mdogo asisogelee ukingo.* Hilo la mwisho alilipigia mistari miwili. Tulitoka nyumbani saa mbili na dakika arobaini kwa ajili ya jambo lililoanza saa mbili na nusu, kwa sababu kiatu kimoja cha mdogo hakikuonekana. Kilikuja kupatikana ndani ya jaketi la kuokolea la dada yake, ambamo alikilaza usingizi.

Mdogo ana miaka sita na hajaruhusiwa mashua. Kazi yake ni kukaa nami gatini na kuuliza. Wiki iliyotangulia alikuwa ameshikwa na yale majumba matatu ya sukari ya Maydon Wharf. Nilifanya kosa la kumwambia kwamba kwa pamoja yanameza zaidi ya tani laki tano za sukari. Alitafakari mpaka nikadhani amelala. “Sisimizi wanajua?”

Dada yake aliingia majini na wenzake, upepo wa kaskazini-mashariki ukiwapuliza taratibu, wamepangana kama vifaranga nyuma ya boti ya mwalimu. Mimi nikakunja nne, nikatazama ng'ambo, kwenye kilima cha Bluff. Pale ndipo walipowekwa Wazanzibari wa Durban. Hao ni watu waliokamatwa utumwani, manowari za Waingereza zikawakomboa kutoka kwenye majahazi, na kuanzia mwaka 1873 wakaletwa katika bandari hii kupitia Zanzibar. Wengi wao walikuwa Wamakua. Waliishi Bluff, mahali panapoitwa Kings Rest, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamisha kwa nguvu miaka ya 1960 na kuwapeleka Chatsworth. Serikali hiyo ilihangaika wawe watu gani kwenye vitabu vyake, ikaishia kuwaandika kuwa ni Waasia wa namna nyingine.

Habari hii nayo nilikuwa nimeitumia vibaya. Siku ya kwanza nilimwambia mwalimu wa mashua kwamba watu wetu wako bandarini hapa tangu 1873. Binti mkubwa alinivuta shati. “Wao waliletwa, baba. Sisi tulikuja kwa ndege, ukagombana na mtu kuhusu uzito wa begi.” Tangu siku hiyo nikifika gatini hukitazama kile kilima kwanza, kabla sijafungua mdomo.

Mdogo akachoka na kimya changu. Pembeni yetu palikuwa na mzee mmoja wa Kihindi anavua, amevaa kofia iliyokula chumvi kuliko mimi. Akampa kipande cha mshipi ili achezee. Sasa hapo baba mtu wa pwani angenyamaza? “Mshipi mtupu hauzami, mama,” nikamweleza. “Lazima ufungiwe kitu kizito. Sisi tunakiita chubwi. Bila chubwi, ndoana inaelea tu, na samaki wanakucheka.” Kisha nikarudi kumtafuta dada yake kwa macho, kwa maana vitanga vyote ni vyeupe na vyote vinafanana.

Nikasikia “chubwi!” Sijui kama ni yeye aliyesema au ni maji.

“Umefunga nini?”

“Kitu kizito.”

Alikuwa amefungia ufunguo wa gari, ule uliokuwa kwenye mfuko wa jaketi langu, pamoja na kufuli la baiskeli na kile kibao cha shaba cha Tanga Raha nilichonunua stendi. Fundo alilolitumia alifundishwa na dada yake, ambaye alifundishwa wiki iliyotangulia, na katika kurithishana huko palipotea hatua moja. Mshipi ulirudi mtupu. Chubwi lilikuwa limefanya kazi yake sawasawa.

Nililala kifudifudi kwenye mbao za gati, mkono mzima majini, nikipapasa maji yenye kina cha sijui mita ngapi. Akili ilishaniambia haifai. Mkono haukutaka kusikia. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

“Papa! Papa, kuko shida gani?”

Alikuwa ni kijana anayelinda magari pale nje, Mkongo wa Uvira. Nusu ya walinda magari ninaosalimiana nao Durban wametoka kule, nasi tunaelewana kwa Kiswahili, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa namna anavyokiharibu. Kwao papa ni baba, tena baba wa heshima. Mdogo anamjua papa mmoja tu, yule mwenye meno. Durban waliweka nyavu za kuzuia papa kwenye fukwe zao tangu mwaka 1952, na amefundishwa hilo shuleni kwa picha za rangi.

“Papa!” akapiga kelele. “Baba, toa mkono! Papaaa!”

Niliutoa. Niliutoa mkono na mwili wote pamoja, kwa kasi ambayo sikujua ninayo, nikampiga kikumbo mzee wa mshipi, ndoo yake ikapinduka, na samaki wanne wa asubuhi nzima wakarudi kwao. Yule kijana naye akakimbia kwa sababu sisi tulikimbia. Tulipokuja kuelewana, tumekaa chini wote watatu, aliniuliza kwa upole, “Funguo imeanguka mu mayi?” Nikamwambia ndiyo, mu mayi. Mzee alikuwa anatazama ndoo yake. Nilimpa pole kwa kila lugha niliyo nayo, na noti moja.

Hapo ndipo upepo ulipogeuka.

Kwetu kusi ni mgeni mwenye adabu, hutuma salamu hata wiki nzima kabla hajabisha hodi. Upepo wa kusini-magharibi wa Durban hupiga mlango teke. Bendera zililala, zikaamka zikitazama upande wa pili. Mwalimu akapuliza filimbi, watoto wote warudi. Sasa kurudi maana yake ni kwenda upepo unakotoka, na hapo tanga haliendi moja kwa moja. Unakata kushoto, unageuza, unakata kulia, unageuza, unauzunguka upepo mpaka ufike. Babu yangu, aliyekuwa baharia kweli, alikuwa na neno lake: kubisha. Chombo kinabisha.

Vitanga vingine vilianza kurudi. Kimoja kilibaki kimeelekea upepo, kinapepea kama shuka kwenye kamba, hakiendi mbele wala nyuma. Nilikitambua kwa ile kofia. Hofu ikinishika Kiingereza hukimbia, na Kizulu changu cha sokoni hakina msamiati wa matanga. Nikasimama ukingoni, mikono mdomoni, nikapaza sauti ya babu.

“Bisha! Bisha, mwanangu!”

Inabidi ujue jinsi tunavyoishi nyumbani. Neno hilo binti yangu hulisikia kila siku, ila kinyume chake. Kapige mswaki, usibishe. Mpe mwenzio, usibishe. Zima taa, nimesema usibishe. Kubisha ndiyo kosa lake kuu, ndilo lililomnyima sherehe ya rafiki yake mwezi uliopita. Akageuka, nikaona amekasirika kwa kuonewa.

“Sibishi, baba!”

“Bisha nakwambia!”

“Nimesema sibishi!”

“Bisha! Bisha kushoto!”

“Sijafanya kitu! Sijabisha hata kidogo!”

Mama mmoja wa Kizulu akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo katika familia. Kabla sijajibu, mdogo akamfafanulia kwa Kizulu, lugha anayoizungumza kuliko sisi wote nyumbani, kwamba baba anamgombeza dada kwa sababu dada amekataa kubishana naye. “Hawu,” akasema yule mama, akanitazama kuanzia viatuni.

Mwalimu alikwishamfikia kwa boti yake. Sikusikia alichomwambia, ila nilimwona akionyesha kwa mkono: huku, halafu huku. Binti akavuta demani, akasukuma usukani, tanga likajaa. Akakata kushoto. Akainamisha kichwa, tanga likapita juu yake, akakata kulia. Alibisha mara saba, nilihesabu. Mara ya saba akagusa gati karibu kabisa na miguu yangu, akalishusha tanga, akasema, “Mwalimu hakunigombeza.”

Nikamweleza neno la babu. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa amelowa, meno yanagongana. “Kwa hiyo kubisha si kosa?”

“Baharini si kosa.”

“Sawa. Sisi ukoo wetu ni wa baharini.”

Mama yao alifika baada ya saa moja na nusu na ufunguo wa akiba, ameshuka kwenye zile daladala za Durban ambazo muziki wake hufika kituoni kabla ya gari. Bado alikuwa na sare za kazini, hajalala. Alitutazama mmoja mmoja, akaanza na swali la kikaratasi. “Nani alisogelea ukingo?” Mabinti wakanionyesha kidole mimi, wote wawili, bila hata kushauriana.

Jioni wakampigia simu bibi yao Tanga. “Gogo!” wakaanza, maana kwa Kizulu bibi ni gogo, na bibi yao alishapigana na neno hilo mwaka mzima (“Mimi gogo? Gogo la nini, la kuchanjwa?”) mpaka akasalimu amri. Wakamsimulia chubwi, papa, na ndoo ya samaki. Wakafika pale ambapo baba alikuwa anataka kuruka majini kumwokoa dada, jambo ambalo niliwaeleza mwenyewe ndani ya gari.

Simu ilikuwa kwenye spika. Bibi alicheka mpaka akakohoa. “Baba yenu aruke majini? Huyu aliyekuwa akiogeshwa kwa kata mpaka darasa la sita kwa kuogopa pipa?”

Palikuwa kimya. Mkubwa alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda chumbani akarudi na kalamu.

Kuna madarasa ya kuogelea kwa watu wazima kwenye bwawa karibu na kwetu, na fomu yake amenijazia yeye, mimi nimetia saini tu. Kwenye nafasi ya uzoefu wa maji ameandika: *Hana. Ila anabisha sana.* Naanza Jumanne, saa kumi na mbili jioni, kwenye upande wa watoto.