Mtaimbo wa Kuazima

Atakaye kujua ni nani katika majirani zake aliyejaaliwa maarifa, na ni nani aliyejaaliwa kauli tu, na achimbe shimo la nguzo mbele ya nyumba yake hapa Pongwe. Kwani chini ya shubiri chache za udongo tumekalia mawe ya chokaa, jamaa za yale ya mapango ya Amboni, ambayo ndiyo yaliyokivuta kwetu kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1980, na mbele ya mawe hayo chepe langu lilitoa mlio tu.

Mlio huo ulikuwa kama adhana, maana watu walikusanyika. Mzee wa nyumba ya pili alileta mtaimbo, na pamoja na mtaimbo akaleta kiti, akaketi kusimamia. "Mwanangu," akasema, "chepe huzoa, mtaimbo ndio huchimba." Mwenye sururu naye alihudhuria, akaambiwa hadharani kwamba sururu hupanua shimo hata nguzo ikacheza ndani yake, naye akaondoka na sururu yake kwa ghadhabu. Bibi mmoja, bila hotuba, alinipa kifuu cha nazi cha kutolea kifusi. Na katika ala zote za siku ile, hiyo peke yake haikuwa na masharti.

Ikazuka hoja ya nguzo. Wengine walisifu milingoti ya mkonge, mmea ulioletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwa kuwa ni rahisi na myepesi. Wengine wakaapa kwamba mchwa huila kabla ya masika ya pili, na kwamba boriti ya mkoko ndiyo nguzo, ghali ijapokuwa. Kwa kuchunga ujirani nilichanganya zote, na kila aliyepita akapinda shingo kuziangalia, akafunga jicho moja, akatamka kwamba timazi yangu ni ya uongo.

Kwenye kona ya mwisho mtaimbo uliingia katika ufa wa jabali, ukakataa kutoka. Tuliuvuta, tukauzungusha, tukaumwagia maji, wala haukutikisika. Mzee aliinuka kitini, akauzunguka kwa tafakuri, kisha akahukumu kwamba ubaki hapo uwe nguzo. Basi nguzo pekee ya ua wangu iliyosimama wima ni mali ya mtu mwingine, naye kila Ijumaa baada ya sala huja kuikagua, hunywa kahawa yangu, na hunikumbusha kwamba ameniazima tu.