Muulize Shangazi: Biskuti Zimegoma

Wiki hii Shangazi alitarajia barua za wachumba. Zimekuja za biskuti. Inaonekana nusu ya mji imeingia jimu na nusu nyingine imeachiwa jikoni. Haya, tuanze kabla trei haijaungua.

Shangazi, shikamoo. Mume wangu ameanza kunyanyua vyuma. Amenunua kopo la unga wa protini ambalo bei yake nimeambiwa nisiulize, akataka nimwokee biskuti. Nikawaza, kama anachotaka ni protini, ngano ya nini? Nikatumia unga wa kopo mtupu, mayai na sukari. Zimetoka ngumu mpaka mtoto anazuilia mlango usipigwe na upepo. Mume alitafuna moja kwa heshima ya ndoa, sasa analalamikia jino. Nifanyeje?
*Mke wa Mnyanyua Vyuma, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Mwanamume aliyeitafuna biskuti hiyo anakupenda, mtunze. Kosa ni kuliajiri kopo kwenye nafasi ya ngano. Ngano ina gluteni inayoshikamanisha kinyunga, na ina wanga unaokaa na unyevu. Unga wa kopo, ambao mara nyingi hutokana na yale majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, hauna hivyo viwili. Ukipata moto, protini zake hukazana na kukamua maji nje, kama yai la kuchemsha lililosahauliwa jikoni.

Safari ijayo, katika kila vikombe vinne vya unga, cha kopo kiwe kimoja tu. Rudisha unyevu kwa ndizi mbivu iliyopondwa, mtindi au siagi ya karanga. Kama huoka kwa nyuzi 180, shuka hadi 160, maana protini na sukari zikikutana motoni hubadilika rangi upesi: nje kahawia, ndani mbichi. Ziepue zingali laini katikati, zitakaza zenyewe zikipoa. Zile za mlangoni ziache hapo hapo, zimeshapata kazi.

Shangazi, niokoe. Nilisaga mbegu za alizeti nikaoka biskuti. Jioni zilikuwa na rangi nzuri ya kahawia. Asubuhi nimevunja moja, ndani ni kijani! Mama mkwe alilala kwetu usiku huo. Yeye anasema hajawahi kuona kitu kama hicho, nami nasema sijawahi kuona, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Jirani ametuletea namba ya mganga.
*Mkazamwana, Singida*

Mkazamwana, mrudishie jirani namba yake, kisha umpelekee mama mkwe chai kabla hajafunga mzigo. Mchawi wenu anaitwa beking soda. Alizeti ina asidi iitwayo klorojeniki, na asidi hiyo ikikutana na kitu cha jamii ya magadi hugeuka kijani taratibu, biskuti zinapopoa. Ndiyo maana jioni hukuona kitu. Haidhuru, zileni. Ukitaka zibaki kahawia, punguza soda, au tumia beking poda badala yake, au tia matone ya ndimu kwenye kinyunga.

Na ujue kwamba gramu 100 za mbegu za alizeti zilizomenywa zina protini gramu 20 hivi. Mkoa mzima umekaa juu ya protini, nyinyi mnatafuta mganga.

Habari, Shangazi. Mimi ni mjasiriamali. Nauza biskuti za karanga, na kwenye pakiti nimeandika PROTINI ASILIMIA 100. Zinanunuliwa sana. Juzi mteja mmoja, mhasibu, kaniuliza: "Dada, na sukari ni asilimia ngapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.
*Mama Biashara, Sinza*

Mhasibu hacheki akiwa kazini. Kama protini ni asilimia mia, hizo karanga, ngano na sukari umezitia kwenye pakiti ya nani? Chukua kalamu. Shangazi anakupa vipimo na hesabu yake, ubandike ukutani.

Siagi ya karanga isiyotiwa sukari, kikombe kimoja, gramu 250. Sukari nusu kikombe, gramu 100. Mayai mawili. Maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, nusu kikombe, gramu 60. Unga wa ngano gramu 100, robo tatu ya kikombe ikifurika kidogo. Beking poda kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Koroga siagi, sukari na mayai kwanza mpaka vilainike, kisha ingiza vikavu. Gawa madonge 24, yabonyeze kwa uma, oka kwa nyuzi 170 dakika 10 hadi 12.

Sasa hesabu. Karanga zimeleta protini gramu 62, maziwa 21, mayai 12, ngano 10. Jumla 105. Gawa kwa 24, kila biskuti inapata gramu 4 na kidogo. Hiyo ni zaidi ya maradufu ya biskuti ya kawaida ya ngano yenye uzito huo huo, nawe huna haja ya kuipamba. Andika "gramu 4" na ulale usingizi. Sukari nayo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila biskuti, mwambie mhasibu. Ile asilimia mia ifute leo leo. Usalama na ubora wa vyakula, tangu 2019, uko mikononi mwa TBS, na wale nao hawacheki.

Shangazi, shikamoo. Kuna dada mtaani kwetu anauza biskuti za protini asilimia 100. Nakula dazeni kwa siku, huu mwezi wa pili. Kifua hakijatokea. Kilichotokea ni tumbo. Je, nimeonewa?
*Nasubiri Kifua, Sinza*

Marahaba. Kijana, soma barua iliyo juu ya yako, halafu urudi.

Umerudi? Vizuri. Biskuti kama zile, dazeni moja ina kilokalori 1,300 hivi, na hapo chakula cha mchana hujakigusa. Protini uliyopata ni gramu 50 na ushee. Shirika la Afya Duniani linamkadiria mtu mzima gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo mwenye kilo 70 anatosheka na 58 kwa siku. Anayenyanyua vyuma kwelikweli anaweza kuhitaji mara mbili ya hapo. Lakini mwili hauulizi protini imekuja na pakiti gani. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, sawa na biskuti tatu na nusu za yule dada, bila kijiko hata kimoja cha sukari. Mayai mawili, gramu 12. Maharage yanaonewa nchi hii kwa sababu hayana picha ya mtu mwenye misuli kwenye gunia.

Kula chakula chako, kisha biskuti mbili na chai jioni. Jambo moja zaidi: barua yako ina kurasa mbili, na Shangazi ameitafuta humo habari ya mazoezi hakuiona.

Shangazi mwenzangu. Nina wajukuu watano, nao hawataki kuona uji. Nikaamua kuwaokea biskuti za soya, soya nikaisaga ilivyo kutoka gunia. Matumbo yamewasokota wote. Pili, nina karanga za mwaka jana, baadhi zimeota ukungu kidogo. Nikizitia kwenye biskuti, si moto utaua huo ukungu?
*Bibi wa Watano, Dodoma*

Shikamoo, bibi. Hapa utani nauweka pembeni kidogo.

Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, ndiyo maana wajukuu wamehangaika. Ichemshe kwanza kama nusu saa, imenye maganda, ianike hadi ikauke kabisa, ikaange ibadilike rangi, ndipo usage. Moto wa dakika kumi na mbili wa kuoka biskuti ni mfupi mno kuifanya kazi hiyo. Ikiandaliwa vizuri, soya ndiyo bingwa wa ghala lako: protini yake ni gramu 36 hivi katika kila gramu 100.

Karanga za ukungu zitupe, bibi, na kuku usiwape. Moto unaweza kuua ukungu, lakini sumukuvu ambayo ukungu umeshaiacha ndani ya punje haiondoki kwa joto la kuokea. Hapo Dodoma kwenu na jirani zenu wa Manyara, mwaka 2016 watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Zile zinazoonekana nzima zimwage kwenye ungo, mchana kweupe, utoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa. Zikiwa zimechanganyika sana na mbovu, gunia lote liende. Uchoyo wa karanga usije ukamgharimu mjukuu.

Majibu ya haraka

*Sina oveni, Mbagala:* Una sufuria kubwa na mkaa? Basi unayo. Tandaza mchanga mkavu chini ya sufuria, panga biskuti kwenye sahani ya bati juu yake, funika, weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Oka moja kwanza ya kupima moto. Ikiungua, umeipoteza moja, si ishirini na nne.

*Naweza kutia senene, Bukoba?* Unaweza, wana protini nyingi. Toa mbawa na miguu, kaanga wakauke, saga. Mwenye mzio wa kamba au kaa asiguse. Ila waulize kwanza wenye nyumba kama wamekubali senene wafichwe ndani ya ngano, maana msimu wenyewe wanaungojea kwa hamu.

*Shemeji anaziiba usiku, Kigamboni:* Mpe vipimo vya Mama Biashara na uma. Mwizi akijifunza kuoka, umepata msaidizi.

*Mimi sitaki protini, Shangazi, nataka biskuti tu. Kuna ubaya? (Nimechoka, Tanga):* Hakuna. Oka nankhatai, samli usiibanie, iliki uitwange mwenyewe, na ule mbili tatu bila kalamu wala karatasi. Maharage utakula mchana.