Heko, Bwana Staata

Washairi wetu wameusifu mwezi, wamezisifu nyota, wengine hata kibatari. Lakini yule bwana mdogo anayekaa ubavuni mwa fremu ya tyubulaiti, mnene kama kidole gumba, hajatungiwa hata ubeti mmoja. Tyubu hizi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Dhuluma ya miaka mingi hivyo yatosha.

Tazameni kazi yake. Ukibonyeza swichi, tyubu inagoma: gesi iliyo baridi haipitishi umeme. Volti 230 zote zinamwangukia Staata. Tumboni ana kichupa cha gesi, na ndani ya kichupa mna kibamba cha metali mbili zilizoambatanishwa. Gesi inang'aa kidogo, kibamba kinapata joto, kinapinda, kinagusa mwenzake. Hapo umeme unapita kwenye choki, ile koili ya waya iliyomo ndani ya fremu, na kuzipasha moto filamenti za ncha zote mbili za tyubu. Mng'ao unazimika, kibamba kinapoa, kinajirudi, kinakata. Choki, asiyevumilia kukatiwa mkondo ghafla, anafoka kwa mamia ya volti, pengine zaidi ya elfu, na taa inawaka.

Inawaka, au haiwaki. Mkondo wetu hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na Staata akikata wakati huohuo, Choki hana cha kufokea. Basi kazi huanza upya. Kule kupepesa mnakokulalamikia ni mtumishi anayerudia kazi bila kunung'unika wala kudai posho. Nionyesheni ofisi yenye karani wa namna hiyo.

Taa ikishawaka, mchomoe Staata (au mwachie fundi amchomoe), taa haizimiki. Huyo ndiye mshenga wa kweli: harusi ikipita, haonekani tena sebuleni akihesabu sifa.

Choki namsifu kwa shingo upande. Ni kweli kwamba ndiye anayeizuia tyubu isijiangamize, maana gesi ikishawaka hudai umeme zaidi na zaidi. Lakini hujilipa mwenyewe: penye tyubu ya wati 36, yeye anakula wati 9 hivi juu yake, akizigeuza joto na ule mvumo uliotusindikiza katika masomo ya usiku bwenini.

Na uaminifu je? Tyubu ikizeeka, ncha zikawa nyeusi tititi, kila mtu anaikatia tamaa isipokuwa Staata. Atajaribu mpaka alfajiri, ukumbi mzima ukipepesa, mijusi ukutani isijue kumekucha au bado. Fundi akiitwa, humzungusha kidogo kwenye kikalio chake, na mara nyingine hiyo peke yake ni tiba.

Maadui zake wameshinda, siwezi kuficha. Zilikuja balasti za elektroniki zinazowasha tyubu bila yeye, ikaja LED, na mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zikakubaliana kwamba baada ya 2027 tyubu hizi, kwa kuwa zina zebaki ndani, zisitengenezwe, zisiagizwe wala zisisafirishwe nje. Lakini fungua boksi la tyubu ya LED ya kupachika kwenye fremu ya zamani. Mara nyingi utakuta humo staata bandia, asiye na kichupa wala kibamba, ana fyuzi tu. Usipomkalisha kwenye kiti cha yule bwana, taa mpya haiwaki.