Heshima kwa Sili Inayovuja

Minazi imepata washairi wake, majahazi yamepata washairi wake, hata pombe na tumbako havikukosa mtu wa kuvitetea. Oili sili ya trekta, kiduara cha mpira kinachoenea kiganjani, imeambulia matusi tu. Ikichoka na kuanza kudondosha oili, hubebeshwa lawama za msimu mzima: mihogo iliyochelewa, karanga zilizopandwa mvua ikiwa imeshapita, deni la mwenye trekta. Nakusudia kuitetea, wala si kwa huruma. Katika chombo kile chote chenye kishindo, moshi na rangi nyekundu, sili inayovuja ndiyo peke yake inayotoa taarifa ya kweli, hadharani, kila siku, bila kudai posho ya kikao.

Katika nchi za baridi, vitrekta vya bustani hufungwa bamba la chuma mbele ili kusukuma theluji, na bamba likikataa kuinuka mwenye nyumba hubaki amezingirwa. Theluji ya Uganda iko juu ya Ruwenzori, na huko hakuna trekta lililowahi kuitwa kulima. Adumi, kaskazini-magharibi ya Arua, jirani na mpaka wa Kongo, kinachoning'inia nyuma ya trekta ni plau ya diski. Lakini ugonjwa ni ule ule: injini inanguruma, liva imevutwa hadi mwisho, mikono ya kuinulia haiinui. Huku jembe la mkono ndilo bado linalolima sehemu kubwa ya mashamba, na trekta ni kitu cha kukodi kwa foleni. Mikono ya trekta moja ikigoma wakati wa mvua, nyumba nyingi husimama pamoja nayo. Ndiyo maana hasira ni kubwa, na ndiyo maana hasira hiyo humwangukia asiye na kosa.

Kwanza tuangalie nasaba ya mshitakiwa. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alionyesha kwamba ukikibana kimiminika kilichofungiwa, msukumo huenea kila upande sawasawa. Kanuni tamu, ila uzito wake wote uko katika neno moja, kilichofungiwa. Joseph Bramah wa Uingereza alipopata hataza ya shinikizo lake la maji mwaka 1795, kilichomsumbua ni ufa mwembamba kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Ukikaza kizibo, pistoni inakwama. Ukilegeza, maji yanatoka. Fundi wake, Henry Maudslay, ndiye anayetajwa kuwa alitoa dawa: kikombe cha ngozi ambacho kadiri presha inavyopanda ndivyo kinavyojibana ukutani. Baadaye Niels Christensen, Mdenmaki aliyehamia Marekani, alipata mwaka 1939 hataza ya ile pete ya mpira ambayo leo imo karibu katika kila mashine ya oili. Kati ya mafundi hao hakuna aliyeketi chini ya mti akaota trekta. Walikuwa wakikimbizana na tone. Tone lisingewaudhi Bramah na Maudslay, Harry Ferguson wa Ireland asingekuwa na cha kutumia miaka ya 1920 alipoifunga plau kwenye mikono inayoinuliwa na oili, kwa mpango ambao mvuto wa udongo unalikandamiza trekta chini badala ya kulipindua kinyumenyume na kumlalia dereva. Hivyo mvujo si adui wa haidroliki, ufundi huo wa kuinua kwa oili. Ni bibi yake mzaa baba.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe, na tuchukue trekta ambalo fundi yeyote wa Arua amelilalia mgongo, Massey Ferguson 135 na ndugu zake. Pampu yake ya haidroliki imezama ndani ya mwili wa trekta, katika oili ile ile inayolainisha gia na difu, lita 30 hivi, nayo huzungushwa na shafti ya nyuma inayoendesha mashine za kukokotwa. Kutokana na umbile hilo huja kichekesho cha kwanza: ukikanyaga klachi hadi mwisho, pampu haizunguki na mikono haiinuki, hata kama hakuna kilichoharibika. Trekta zima linaweza kufunguliwa na kutandazwa juu ya gunia kwa ugonjwa ambao ni mguu uliosahaulika kwenye klachi. Kichekesho cha pili hakichekeshi. Silinda inayoinua mikono nayo imo ndani, kwa hiyo pete za pistoni yake zikichakaa, oili hupita pembeni na kurudi palepale ilipotoka. Nje ni pakavu, kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa, mwenye trekta anajisifu kuwa chombo chake hakivuji. Zima injini plau ikiwa juu, uone inavyoshuka taratibu kama mzee anayekaa kitini. Huo ndio mvujo wa siri, na wahenga walikwisha kuutaja waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, mikono huinua vizuri. Saa saba mchana, oili imepata joto na kuwa nyepesi, inapenya kwenye kila uchakavu wa pampu na pete, na plau haiachi ardhi. Dereva anasema trekta limechoka na jua.

Mlinganishe mnafiki huyo na sili ya nje. Tone likidondoka nyuma, chini ya shafti, sili ya shafti imezeeka. Oili ikionekana ndani ya ringi ya gurudumu, sili ya ekseli imepasuka, na breki ziko njiani kulowa. Unyevu ukifuata paipu ya trela, tatizo ni paipu au kiungo chake. Rangi nayo ina maneno yake. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingia maji, na mara nyingi mlango ni kile kiraba kilichochanika chini ya liva ya gia, trekta likiwa limelala nje chini ya mvua za Agosti. Oili yenye povu imevuta hewa, pengine kwa kuwa imepungua mno. Hapo mikono huinuka kwa kurukaruka. Yote hayo mtu anayasoma kwa macho, kabla ya kufungua hata bolti moja. Ni karani gani anayeandika ripoti wazi namna hiyo?

Watapinga, na wana haki ya kusikilizwa. Watasema haba na haba hukausha kibaba: tone hili hili ndilo linalomaliza oili, na oili si maji ya kisima. Nakubali. Lakini tone moja halikuua pampu ya mtu. Pampu huuawa na wiki sita za kuliruka tone hilo kila asubuhi ukienda kuwasha injini. Watasema spea ziko mbali, na hapo nainamisha kichwa. Sili iliyokosekana Arua hutafutwa Kampala, na njia ni daraja la Karuma. Daraja lile lilipofungwa kwa matengenezo Septemba hadi Desemba 2024, magari yalizunguka mbali, na sili ndogo ikasafiri kama balozi. Ila aliyeonywa na tone mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, anayo nafasi ya kuagiza. Aliyedanganywa na ukavu hupata habari zake shambani, mvua ikiwa imekolea na foleni ikiwa ndefu.

Wapo pia wanaosema, achana na mikweche, nunua jipya. Lakini kununua peke yake si dawa: Kongwa, Tanganyika, Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947 wakitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu, wakakusanya matrekta kwa mamia, mengi yakiwa mabaki ya vita. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua chache, mafundi wachache zaidi, vyuma vikasimama, na Januari 1951 mradi ukaachwa. Wingi wa chuma haukuwahi kuziba pengo la macho yanayotazama chini ya trekta.

Pingamizi moja tu sina jibu la mzaha kwake. Paipu ya haidroliki yenye tundu dogo kama la sindano haidondoshi, hurusha. Presha iliyomo huweza kupita mara 80 ya ile ya tairi la gari dogo, na mshale huo wa oili, usioonekana vizuri, hutoboa ngozi bila maumivu makubwa kisha huozesha mkono kwa ndani. Ni kazi ya daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, si ya kufunga kitambaa. Kwa hiyo hata mimi mwenye kuusifu mvujo nasema usipapaswe. Teremsha plau hadi chini, zima injini, sogeza liva mara kadhaa presha iishe, ndipo ushike spana. Ukilazimika kutafuta tundu mashine ikifanya kazi, peleka kipande cha boksi, si kidole.

Kipande hicho hicho cha boksi ndicho ningekitandika chini ya trekta jioni, pale linapolala karibu na soko la Adumi, kikae hadi asubuhi. Kitakutwa na madoa yake: moja nyuma katikati, mawili karibu na gurudumu la kulia, na mabishano ya wanaume watano wanaoyasoma kabla ya chai. Kisha sili mpya itafika, itafungwa, boksi litaamka kavu, na dereva, aliyekuwa akipewa habari zote bure, atalazimika kuinama tena na kupima oili kwa kijiti.