Tembe Wako Anakaribia Kutaga: Tahadhari kwa Wasiojua

Kama una tembe wanne nyuma ya nyumba, na kabla ya hapo hukuwahi kufuga kitu zaidi ya mbu, soma upesi. Yai la kwanza linakuja, na halitakuja siku uliyopanga wewe.

Achana kwanza na kalenda ya aliyekuuzia. Alikwambia, "Miezi minne tu bosi, unakula mayai." Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga kwenye wiki ya 18 hadi 20 akilishwa vizuri, hapo hakudanganya. Wa kienyeji hujipa miezi sita, hata minane. Usimmwagie chakula cha kuku wanaotaga ukidhani utamharakisha, maana kina chokaa nyingi kuliko figo za kuku mchanga zinavyoweza kumudu. Akikaribia kabisa ndipo ubadilishe gunia.

Dalili zipo. Upanga wa kichwani uliopauka unavimba na kuiva wekundu. Ukimwinamia na kumnyooshea mkono mgongoni anachuchumaa, anatanua mabawa kidogo na kutulia tuli. Wengi hapo huamini kuku amewapenda, na picha hupigwa. Hajakupenda. Amekudhania jogoo.

Kisha anaanza kutetea. Atazunguka ua mzima akichungulia kila pembe kama mpangaji anayetafuta chumba. Wewe umeshamlipa fundi akakutengenezea masanduku ya sentimita 30 kwa 30, umetandika na maranda. Atayakagua, atakunya humo, ataondoka. Anachotaka yeye ni giza, utulivu na mahali pa kujificha: nyuma ya mtungi wa gesi, ndani ya beseni la nguo zilizoanuliwa au, balaa kuliko yote, kwenye stoo ya jirani.

Kwa mwenye stoo usiende mikono mitupu, na usianze na neno "yai".

"Shikamoo mama. Samahani, kuku wangu mwekundu hajapita huku?"

"Marahaba baba. Kuku anapita kila siku, anakunywa maji yangu, anaparua mchicha wangu. Wewe unamtafuta yeye au unatafuta kingine?"

Hapo umeshashindwa kesi. Sema unamtafuta kuku, shukuru, urudi kwako. Ukibisha utaletewa hesabu ya mchicha, na mjumbe akiitwa ataulizia kwanza mchicha kabla ya yai. Kinga ni kumfungia bandani hadi saa sita mchana, maana wengi hutaga asubuhi, na kuweka ndani ya sanduku jiwe jeupe laini la ukubwa wa yai. Kuku akikuta mwenzake ameshataga mahali, huona pana usalama. Wanaoishi karibu na viwanja vya gofu vya Lugalo wanajua mpira wa gofu unafanya kazi hiyo hiyo.

Sasa yai lenyewe. Litakuwa dogo, lina joto bado, pengine na mchirizi mwembamba wa damu kwenye kaka. Usimkimbize kuku kwa daktari wa mifugo. Ndiyo njia inafunguka. Ukilivunja unaweza usikute kiini kabisa, au la kesho yake likawa na viwili. Linalotisha zaidi ni yai lisilo na kaka: ni ngozi tupu, ukilibonyeza linabonyea na kutikisika mkononi. Si mkono wa mtu. Mwili wake haujazoea kazi, au anakosa madini ya chokaa. Walioko pwani wasage makombe ya chaza. Ukitumia makaka ya mayai, yakaushe na uyasage yasitambulike, kwani kuku akishaonja yai lake hata mchawi hamwachishi.

Na kabla hujamtuhumu dada wa kazi kwamba amekaanga yai la leo, fahamu kwamba yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na saa kama 20 kati ya hizo ni za kaka peke yake. Ndiyo maana kila siku anachelewa kidogo, halafu siku moja anapumzika. Hakuna mwizi.

Atakuja pia mjomba kuuliza, "Jogoo yuko wapi? Bila jogoo watatagaje?" Watataga vizuri tu; vifaranga ndivyo utakavyovikosa. Mjomba hataamini. Mkaangie mawili, mazungumzo yatahama.

Hatari kubwa iko kwenye simu yako, kile kikokotoo. Kuku wanne, mara yai moja, mara siku 365, na kabla ya kulala umeshanunua kiwanja Kigamboni. Wanaokumbuka homa ya mayai ya kware wamewahi kulala kwenye kiwanja hicho hicho. Karatasi haiugui mdondo. Kuku anaugua, kwa hiyo chanjo ya matone ya macho kila baada ya miezi mitatu iingie kwenye hesabu kabla ya kiwanja.

Tena wa kienyeji hatagi siku 365. Akishataga kumi, kumi na tano hivi, anafunga duka: anatutumua manyoya, anakudonoa mkono, anaatamia. Usipokuwa na jogoo ataatamia vilevile, na ukishayaokota mayai yote ataukalia mpira wa Lugalo siku 21 na zaidi, bila kutaga hata moja. Kama kuna mtu ulishachukua hela yake ya trei, mrudishie leo.